Sahani za Meza ya Pili

Mume wangu alinifundisha kusikiliza sahani kwa wiki mbili, kitambaa kikiwa kimefungwa machoni pangu. Tulikuwa jikoni kwetu, sahani thelathini mezani, nyingine nzima na nyingine zina ufa wa ndani usioonekana kwa jicho. Ananiwekea sahani juu ya ncha za vidole vitatu, ananipa kijiti cha mbao, ananiambia, "Gonga ukingoni. Usigonge kama unabisha hodi. Gonga kama unamwamsha mgonjwa." Sahani nzima hulia ngiii, sauti nyembamba inayokwenda mbali kabla ya kufa. Yenye ufa hukohoa tu, tak, ikanyamaza. Siku ya kwanza nilikosea kumi na nane. Nikamwambia hizi sahani zako zote zinasema neno moja, akacheka mpaka akakaa chini.

Tulikuwa tunaharakishwa na barua. Mume wangu alikuwa askari wa akiba, na kwa miaka tisa jambo hilo lilimaanisha wiki mbili za mazoezi kila mwaka, anarudi na matope kwenye soksi na hadithi za wapishi wabaya. Mwaka ule barua ya wito ilisema miezi kumi na minane, mpakani, na haikuwa inaomba.

Karani wa ajira pale kiwandani, mama mwenye miwani ya kamba na subira ambayo mimi sikuzaliwa nayo, alituita wote wawili akatusomea sheria.

"Nafasi yake ni yake," alisema. "Atakayekaa pale anakaa kwa muda tu. Siku mwenyewe akirudi, anarudi kwenye kiti chake, cheo chake na mshahara wake, kama vile hakuondoka."

Mume wangu akaniangalia kwa furaha. Mimi maneno matamu ya ofisini huwa nayapokea kwa mikono miwili na kuyaweka chini papo hapo.

Kiwanda chetu kilikuwa cha vyombo vya udongo wa kuoka: sahani, bakuli na vikombe vya mahoteli na mahospitali. Vyombo vikitoka kwenye tanuri vilipita meza mbili. Meza ya kwanza walikagua kwa macho, madoa na rangi iliyochuruzika. Meza ya pili alikaa mtu mmoja, anakagua kwa sikio, na mtu huyo alikuwa mume wangu. Kiwanda kizima kilimwita Sikio. Msimamizi wetu, ambaye tulimwita Mzee Vumbi kwa sababu hata nyusi zake zilikuwa na unga wa udongo, alitafuta wa kumshikia nafasi akakosa. Ndipo mume wangu akasema, "Mjaribuni mke wangu."

Mzee Vumbi aliniletea sahani hamsini. Nikakosea moja, kwa hesabu yake. Nikamwambia sikukosea, hiyo ina ufa. Tukabishana, watu wakakusanyika, mwishowe akaipiga ukingoni mwa meza ipasuke, na ufa ulikuwa ndani, mweusi, mrefu kama kidole. Nikapewa kiti.

Nilikipenda kiti kile. Wanawake huulizwa tuliwangojaje waume zetu, na hujibu tulilia. Nililia pia, sana. Lakini saa mbili asubuhi nikikaa meza ya pili, kijiti mkononi, joto la tanuri mgongoni, nilikuwa mtu wa maana. Wapakuaji wa tanuri walinyamaza nilipogonga. Miezi kumi na minane hakuna aliyenitania kuwa nimepewa kazi kwa jina la mume.

Alirudi akiwa amekonda, na mkoba mmoja. Mama mkwe, ambaye akimsalimia mtu sebuleni kwetu jirani huitikia, alimshika mashavu akamwita mwanangu, mwanangu, mpaka sauti ikamkauka. Yeye akacheka kila mahali palipotakiwa kucheka. Mimi ndiye niliyeona kwamba nikimsemesha kutoka kushoto anageuza kichwa chote.

"Sikio limeziba kidogo," aliniambia nilipombana. "Kombora lilituangukia karibu. La kushoto limeziba, la kulia lina kelele kidogo. Daktari wa jeshi amesema mambo haya hufunguka yenyewe baada ya miezi miwili, mitatu. Usimwambie mama."

"Na karani?"

"Karani nitamwambia kukiwa na cha kumwambia."

Tulikwenda kwa karani pamoja. Alikuwa na fomu ya kurudi kazini. Akamweleza taratibu, akimtazama usoni, nami kila neno nililisikia, kwa hiyo sina pa kujificha. Alisema, "Una siku tisini. Kama kuna kitu kiliharibika huko, kiandike humu kabla hazijaisha. Ukikiandika, kiwanda ni lazima kikutafutie kazi nyingine unayoiweza, kwa cheo kilekile, na hakuna wa kukugusa. Ukiweka sahihi kwamba umerudi mzima, na siku hizo zikapita, basi umerudi mzima. Baada ya hapo sheria haina neno na wewe."

"Nimeelewa," mume wangu akasema. Akaikunja fomu akaitia mfukoni.

Kesho yake nilimkabidhi kijiti mbele ya watu. Wakapiga makofi, nami nikapiga. Nilikuwa namfurahia, na nilikuwa nakionea wivu kile kiti, yote mawili kwa wakati mmoja, na anayesema haiwezekani hajawahi kupenda kazi. Karani, kwa huruma yake, alinipatia mkataba wa siku mia moja na ishirini kwenye meza ya kufungasha, hatua tatu nyuma ya mgongo wa mume wangu. Anagonga, anapitisha, mimi nazungushia karatasi, naweka kwenye kasha, natia kikaratasi chenye mhuri wa meza yake. Sahani ikirudishwa na mteja, kikaratasi kinasema ilipita mkononi kwa nani.

Siku ya pili, kwa mazoea tu, nilinyanyua sahani, pete yangu ikagusa ukingo. Tak.

Nikadhani nimechoka. Nikaigonga tena kwa pete, taratibu. Tak. Nikaiweka kando. Sahani ya sita baada ya hiyo, tak. Kufika saa ya chakula nilikuwa na sahani kumi na moja chini ya meza, na mume wangu alikuwa mbele yangu anagonga kwa madaha yaleyale, kichwa kimeinama kulia, anapitisha nzima na mbovu kwa uso uleule.

Nilipaswa kumwambia siku ileile. Sihitaji mtu wa kunielimisha. Lakini acheni niseme nilichokiona, kisha mnihukumu mkitaka. Pale getini kwetu palikuwa na dereva wa winchi aliyevunjika mguu kazini. Walimwambia kazi nyingine, cheo kilekile. Wakampa kazi ya kufungua geti na kufagia. Kila asubuhi niliwaona vijana aliowafundisha yeye mwenyewe wakimpigia honi awahi. Nikamfikiria mume wangu na fagio. Nikamfikiria anaitwa Sikio na watu wanaocheka. Nikajisemea, miezi miwili, mitatu, daktari amesema litafunguka, mimi nitayaziba matundu mpaka lifunguke.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Kila sahani aliyopitisha niliigonga kwa pete ndani ya mlio wa kijiti chake, nikidhani naficha sauti, na hata hilo lilikuwa ujinga, maana hangeisikia. Mbovu nilizitia kwenye boksi chini ya mabaki ya karatasi. Saa ya chakula wenzangu wakienda kantini, mimi nabeba boksi mpaka kwenye pipa la vigae nyuma ya tanuri, naziteremsha moja moja zisipige kelele. Kumi na mbili kwa siku, kumi na tano. Siku mbaya, ishirini.

Na sitasema uongo: nilifurahia. Mchana kutwa nilikuwa na siri iliyoniweka juu. Kiti kilikuwa chake, lakini sikio la kiwanda lilikuwa bado langu, na wala hakuna aliyejua. Nilijiita mke mwema. Jioni nikimpakulia chakula nilimtazama kwa upendo wa mtu aliyemkopesha mwenzake bila kudai. Leo nikikumbuka macho yangu ya siku zile nataka kujizaba kofi.

Karibu na mlango kulikuwa na ubao ambapo Mzee Vumbi aliandika kwa chaki, kila Jumamosi, idadi ya vyombo vilivyorudishwa na wateja kwa kila meza. Meza ya pili: sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri. Mume wangu alisimama mbele ya ubao ule kila Jumamosi, mikono nyuma. Nilidhani anajivunia. Wanaume hujivunia ubao.

Siku ya themanini na nne alirudi nyumbani mbio, mwenye miaka arobaini na moja anapanda ngazi mbilimbili. Alimkuta mama mkwe anachambua mchele, akampokonya ungo, akamshika mikono akaanza kumchezesha pale pale katikati ya chumba. Mama mkwe akapiga kelele, "Kuna nini, umepandishwa cheo?"

"Zaidi ya cheo, mama! Mimi mzima!"

Kisha akanigeukia. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Sikukwambia," alisema. "Nilikuwa naogopa. Mke wangu, nilivyorudi nilikuwa sisikii zile sahani. Nilikuwa nakisia. Wiki ya kwanza nilitaka kwenda kwa karani nikaandike kila kitu, fomu iko mfukoni, kalamu iko mkononi. Nikasema hapana, ngoja nijipe mtihani. Nisiuamini moyo wangu, niuamini ubao. Nikapitisha kama ninavyodhani nasikia, nikasubiri. Zikirudi nyingi, naandika sikio limekufa, wanipe kazi nyingine, liwalo na liwe. Zisiporudi, basi nasikia ingawa mwenyewe sijui kwamba nasikia. Na hazikurudi! Wiki kumi na mbili! Kumbe lilikuwa linafunguka taratibu, kama alivyosema daktari. Leo nimeweka sahihi."

"Umeweka?"

"Nimeweka. Nimerudi mzima."

Mama mkwe akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko, na nikaendelea kukishika. Mtu huyu mwaminifu alikuwa ameuliza swali kwa njia yake ya uaminifu, na mimi, hatua tatu nyuma yake, ndiye niliyekuwa naandika jibu la uongo.

Zilikuwa zimebaki siku saba, pamoja na ile. Sahihi ingeweza kufutwa ndani ya siku hizo. Karani alikuwa mtu wa kusikiliza. Siku saba nilizishika mkononi na nikaziachia moja moja. Ya kwanza nilisema acha afurahi leo. Ya pili alileta viatu vipya vya mama yake. Ya tatu alikuwa anaimba akinyoa ndevu, anaimba vibaya, nje kabisa ya sauti, na mimi nikaegemea ukuta wa bafuni nikalia bila kutoa mlio. Ya sita nilifika mpaka mlangoni kwa karani. Akanyanyua kichwa, "Karibu, wifi, kuna tatizo?" Nikamwambia nimekuja kuuliza habari ya likizo. Akanipa karatasi ya likizo. Ya saba ilikuwa Jumapili.

Mkataba wangu wa kufungasha uliisha mwezi mmoja baadaye. Nilimfuata Mzee Vumbi, nikambembeleza nibaki, hata kwa nusu ya mshahara.

"Shemeji, una nini?" akanishangaa. "Mumeo yupo, mzima, anaingiza riziki. Nenda kapumzike, umeshika kazi ya mtu karibu miaka miwili."

Walimweka msichana mwepesi wa mikono. Alifungasha haraka kuliko mimi, maana hakuwa anagonga chochote.

Wiki ya kwanza zilirudi tisa. Ya pili, ishirini na sita. Mume wangu alikuja nyumbani akiwatukana watu wa tanuri, wamepandisha moto haraka mno, wanaharibu mali. Akagombana nao hadharani, yeye ambaye hakuwahi kugombana na mtu. Nikamsikiliza, nikamwambia pole. Ndiyo, nilimwambia pole. Wiki ya tatu sahani ya supu ilipasuka katikati mikononi mwa mhudumu wa hoteli, ikamuunguza kifua. Kikaratasi kwenye kasha kilikuwa na mhuri wa meza ya pili. Ubao ukaandikwa thelathini na nane, na watu wakaacha kumwita Sikio.

Waliniita na mimi. Mzee Vumbi alitaka mtu mwingine mwenye sikio azigonge zile zilizorudishwa mbele ya mwenyewe, isije ikasemwa kaonewa, na hapakuwa na mtu mwingine mwenye sikio ila mimi.

Ofisi ya karani ilikuwa ndogo: meza, kabati la mafaili, viti vinne, dirisha linaloangalia uwanja wa makasha. Sahani kumi zilikuwa mezani juu ya gazeti, zilizorudishwa zikiwa zimechanganywa na nzima chache. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, amevaa shati la pasi. Alinitabasamia nilipoingia. Alifikiri nimekuja upande wake.

Mzee Vumbi alimpa kijiti kwanza. Akagonga zote kumi, kwa madaha, kichwa kimeinama. Akasema mbili mbovu, nane nzima. Kisha nikapewa mimi. Niliweka kiwiko mezani, nikagonga. Saba zilikohoa. Mbili alizozitaja yeye, zote mbili zilikuwa nzima.

Mzee Vumbi alitazama viatu vyake. Nilimwona anaumia, mzee wa watu, yeye na mume wangu walikuwa wameanza kazi mwaka uleule.

Karani akavua miwani. "Tuseme ukweli hapa ndani," alisema polepole, kwa sauti ya juu. "Hili sikio ni la huko mpakani? Kama ni la huko, nataka kujua. Naweza kuwaandikia wa juu. Siahidi, muda umepita, lakini naweza kuandika."

Mume wangu akanyoosha mgongo. "Hapana," alisema. "Sitadanganya kupata huruma. Nilirudi nikiwa nimeziba, ni kweli, lakini likafunguka. Angalieni ubao wenu. Miezi minne hamkurudishiwa sahani tano. Ningewezaje bila kusikia? Hiki ni kitu kipya, kimenipata hapa hapa, labda ni kelele za mashine. Sheria ya askari hainihusu."

"Kama kimekupata hapa baada ya sahihi," karani akasema, na sauti yake ikashuka, "na umepitisha mzigo uliomuunguza mtu, basi mimi sina cha kukutetea nacho. Wa juu watasema umeshindwa kazi tu."

"Basi waseme," mume wangu akajibu. "Nimeifanya vizuri nilipoweza. Hilo halifutiki."

Hapo ndipo niliposikia maji yamenifika shingoni. Nilikuwa na njia moja tu ya kumrudishia haki yake, na njia hiyo ilipita katikati ya kile kitu kimoja alichobaki nacho. Nikaona nikinyamaza atapoteza kazi akiwa na heshima yake, nikisema huenda akapata kazi bila heshima, na huenda akakosa vyote viwili. Nilikuwa nimeamua kwa niaba yake mara moja. Sikuwa na haki ya kuamua mara ya pili, lakini kimya nacho kilikuwa ni kuamua.

"Halikufunguka," nikasema.

Wote wakanigeukia, isipokuwa yeye. Nilikuwa nimekaa kushotoni kwake. Alipoona nyuso zao zimehama, ndipo akageuka.

"Unasemaje?" aliniuliza. "Sikusikia. Sema tena."

Nikasema tena. Ilinibidi nipaze sauti. "Nimesema halikufunguka, mume wangu! Tangu siku ya pili ulikuwa husikii. Mimi ndiye niliyekuwa nazitoa. Nilikuwa nazigonga nyuma yako kwa pete, mbovu naziweka chini ya meza, nakwenda kuzitupa kwenye pipa."

Nje ya dirisha wapanga makasha walisimama kutusikiliza. Kila mtu uwanjani alinisikia.

Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hasira naijua, tungeelewana. Alinitazama tu, midomo imefunguka kidogo, kama anafanya hesabu ya kichwa.

"Ngapi?" akauliza.

"Haina maana sasa..."

"Ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili. Kumi na tano. Nyingine ishirini."

"Kila siku?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ile siku niliyoweka sahihi? Nilipokuwa nacheza na mama?"

"Siku ile kumi na saba," nikasema, maana niliikumbuka, nilizikumbuka zote.

Akaitazama mikono yake. "Ningeandika," alisema, si kwangu, kwa ile meza. "Wiki ya kwanza ningeandika. Kalamu nilikuwa nayo."

Karani alikuwa analia bila kujificha. Alivuta karatasi akaanza kuandika kwa wa juu, akaniuliza tarehe, nami nikamjibu. Aliandika kurasa mbili. Baada ya siku kumi jibu lilikuja sentensi tatu: muda wa kutoa taarifa ulipita, mhusika aliweka sahihi kwa hiari yake, na maelezo ya mke hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwa kuwa yeye mwenyewe alishiriki kuficha. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa nyuma yake. Barua ya tatu ilikuwa yangu. Walikuwa wanahitaji mtu wa meza ya pili, mara moja, kwa ajira ya kudumu.

Tulikwenda kuzichukua pamoja. Alizisoma zote tatu amesimama, akanirudishia yangu, akasema, "Ichukue. Mama anakula, sisi tunakula. Usifanye upumbavu." Alisema bila uchungu, na ndivyo ilivyoniuma zaidi. Akampa Mzee Vumbi mkono. Akatoka.

Tulitembea barabara ya kwenda nyumbani, jua la saa nane utosini, yeye mbele kidogo, mimi nyuma. Pale kwenye ukuta mrefu wa bohari nilikaza mwendo nikamfikia. Nilijiweka kushoto kwake. Sikufikiri, miguu ilijua yenyewe upande wa kwenda. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nilikupenda vibaya, na nilikipenda kile kiti, na vyote viwili nilivichanganya nikaviita kukusaidia. Nikamwambia ningekuwa na moyo wa kukuona na fagio leo ungekuwa na kazi. Nilisema yote, mpaka mwisho wa ukuta, taratibu, kwenye sikio lisilosikia kitu.

Labda aliona midomo yangu kwa pembe ya jicho. Alisimama. Akazunguka nyuma yangu, akaja upande wa pili, akaniinamishia lile sikio la kulia lenye uhai kidogo, akaweka kiganja nyuma yake.

"Sasa sema," aliniambia. "Nakusikiliza."

Nilimtazama. Alikuwa anasubiri kwa moyo wote.

"Nimesema sabuni imeisha nyumbani," nikamwambia. "Tupitie dukani."

Akanitazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa, sawa. Tukapitia dukani, tukanunua sabuni.